Mimi nilikuwa yule mume asiyeongea

Dada, nilisoma ulichoandika nikiwa huku Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, kitandani kambini, saa sita usiku, nikakisoma tena asubuhi kabla ya basi la kazini. Unasema mlihama Katuba mkajenga Luwowoshi, pembeni ya Lubumbashi, nyumba nzuri, na tangu hapo unajiona kama mpangaji kwa watu usiowajua. Mumeo yuko Fungurume, mgodini, anarudi siku chache kwa mwezi, na akirudi anakula, anaoga, anashika simu, analala. Watoto kila mmoja na mlango wake. Wifi yako hakanyagi tena kwako tangu mtumishi mmoja wa Mungu alipokuambia kuna mtu wa familia "anayefunga nyumba" kwa uchawi. Unauliza: nivumilie, au nirudi kwetu?

Waliokujibu wengi ni wanawake waliopitia hayo, na wamesema mengi ya kweli. Mimi nitakujibu kutoka upande wa pili wa kitanda. Yule mume unayemwandika, nilikuwa mimi.

Kabla sijaanza: kama anakupiga, au anawapiga watoto, basi maneno yangu haya usiyatumie. Chukua watoto, nenda kwenu, mengine yatazungumzwa mkiwa salama. Sijaliona hilo katika maneno yako, ndiyo maana naendelea.

Nimezaliwa komini ya Kenya, si nchi ya Kenya bali sehemu ya mji, hapo hapo Lubumbashi. Baba alikuwa fundi cherehani na cherehani yake ilikaa barzani, mbele ya nyumba, inatazama avenyu. Mteja akija kugombana kwa sababu ya suruali iliyobana, tulisikia wote. Mama akiomba pesa ya unga, aliomba pale pale, na baba akisema "leo hakuna", hata jirani wa ng'ambo alijua kwamba leo kwa fundi hakuna. Mara nyingine jioni mtoto wa jirani alivuka na bakuli la lenga-lenga, mchicha. Baba aliona aibu, nilimwona anainamisha kichwa, lakini wiki iliyofuata tulikuwa sisi tunavuka na bakuli kwenda kwao. Hakuna mtu katika avenyu ile aliyeweza kuficha shida yake zaidi ya siku mbili.

Mwaka 2016 mimi na mke wangu tukapata parseli, kiwanja, huko Annexe, komini inayouzunguka mji wetu kama ukingo wa sahani. Unajua vile vichuguu vikubwa vya kandokando ya Lubumbashi? Chetu kilikuwa kirefu kuliko nyumba. Mafundi walikichimba, wakafyatua matofali, wakayachoma, na kwa matofali hayo tukajenga ukuta wa mita mbili na nusu, tukapanda vipande vya chupa juu yake. Ukuta siujutii. Wezi wa usiku wapo, wanakuja na silaha, na mimi nashinda siku 21 Kolwezi na siku 7 tu nyumbani. Nisingepata usingizi bila ule ukuta. Ila barza tuliigeuzia nyuma, inatazama tanki la maji. Mbele tukaacha geti la chuma na kibanda cha zamu, yaani mlinzi. Mtu akipita njiani, haoni hata kama tunaishi.

Mwaka wa kwanza tulifurahi. Kila mtoto na kitanda chake! Mimi niliyelala chini na ndugu wanne niliona nimeshinda maisha. Kisha taratibu nikaanza kuona sahani. Kwetu bukari, yaani ugali, ulikuwa mmoja, mkubwa, kila mkono unakata upande wake, na anayechelewa anaachiwa. Kwenye nyumba mpya nilikuwa naingia kutoka safari nakuta mezani sahani nne, kila moja imefunikwa kwa sahani nyingine, kila mtu anakula kwa saa yake. Bukari ukipoa unafanya ngozi juu, ngumu kidogo, unaitoboa kwa kidole. Miaka mitatu nimetoboa ngozi ile peke yangu, televisheni ikiongea.

Na kitinda mimba wetu, binti, alikuwa na swali moja tu. Nikifika tu, kabla sijavua viatu: "Papa, utaenda siku gani?" Nilidhani ananifukuza. Nilikuwa namjibu kwa mkato na kuingia chumbani.

Sasa nikuambie kilichokuwa ndani yangu, kwa sababu mke wangu hakukijua na pengine na wewe hujui cha mumeo. Mimi ni fundi umeme wa magari makubwa. Wakati ule nilikuwa chini ya kampuni ndogo inayofanyia kazi kampuni kubwa. Bei ya kobalti, madini yanayochimbwa huku, ilikuwa imepanda sana mpaka mwanzo wa 2018, halafu ikaanguka, na 2019 ikawa bado iko chini. Bei ikianguka, kampuni ndogo ndizo za kwanza kuhisi. Kwanza waliondoa saa za ziada, kisha mshahara ukaanza kuchelewa. Mimi nilikuwa nimeshakopa mwezi wa tatu 2019, dola 2,500, kwa mtu binafsi, kumalizia foraji, kisima cha kuchimbwa, na dari. Riba yake ilikuwa 30 kwa mia kwa mwezi. Piga hesabu: dola 750 kila mwezi, na deni lenyewe halijaguswa. Mwezi wa kumi nilikuwa nadaiwa zaidi ya 5,000.

Sikumwambia mke wangu. Nilijiambia namkinga. Nilijiambia nitalimaliza kabla hajajua, halafu siku moja tutacheka. Wanaume tunajidanganya hivyo tukiamini kabisa kwamba ni upendo.

Lakini tazama yeye alikuwa anaona nini. Simu inalia saa tatu usiku, mume anatoka nje, anakwenda nyuma ya tanki, anaongea kwa sauti ya chini. Simu ina namba ya siri ambayo zamani haikuwepo. Pesa inapungua, na ukiuliza anapandisha sauti. Kitandani amechoka. Siku ya kupumzika anasema ana mtu wa kuonana naye mjini. Dada, deni na mwanamke wa nje vina nyayo zinazofanana. Mke wangu alifuata nyayo zile akafika kwenye biro ya pili, yaani mwanamke wa nje, na mwanamke yeyote mwenye akili angefika pale pale. Sikumpa pa kwenda pengine.

Alipochoka kuwaza peke yake akaenda kuomba. Simlaumu kwa maombi, mimi mwenyewe nasali na ninamshukuru Mungu kwa mambo mengi. Lakini kwenye kile chumba cha maombi akaambiwa kwamba kuna mama mzee, wa upande wa mume, anaifunga nyumba. Mama mzee wa upande wa mume ni mmoja tu, ni mama yangu. Yule fundi wa maneno hakuhitaji hata kumtaja.

Hapo nakuomba usimame kidogo. Nimekaa na jambo hili miaka mingi na hiki ndicho nilichokiona: kimya cha nyumbani hakikai kitupu. Watu hawawezi kuishi na kimya bila kukitafutia mwenyewe. Mke anakitafutia mwanamke. Mume anakitafutia mke mwenye kiburi. Mtumishi anakitafutia mkwe, shangazi, wifi. Wote wanakosa, na huku kila anayetajwa anaondoka kweli, na nyumba inazidi kubaki na watu wachache. Mama yangu alikuwa anakuja kila Ijumaa na sombe, majani ya muhogo, aliyoitwanga mwenyewe. Ghafla akawa anaambiwa getini kwamba mama watoto hayupo. Siku nyingine anaacha bakuli kwa zamu, anarudi Kenya. Karibu mwaka mzima. Hakuniambia hata siku moja, kwa sababu hakutaka kuniharibia ndoa. Unaona? Na yeye pia alikuwa anamkinga mtu.

Usiku mmoja wa mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zimeanza, nilipata lifti nikafika nyumbani siku moja kabla. Saa nne usiku. Sikutaka kuwaamsha. Zamu wetu alikuwa mzee kutoka upande wa Kasenga, kando ya mto Luapula, mvuvi wa zamani. Sote tulimwita Muzee tu. Alikuwa na mbabula yake, jiko la makaa, kibandani, makala yamekolea, anachoma viazi vitamu. Akanipa kigoda. Sikumbuki kama nilishawahi kukaa naye; kwa miaka mitatu nilikuwa namsalimia kupitia dirisha la gari.

Tulikaa kidogo. Halafu akasema, bila hasira: "Papa, mimi nimechoka kubeba nyumba yenu."

Sikumwelewa. Akanyanyua taa ya simu yake akamulika ukuta wa kibanda kwa ndani. Kulikuwa na mistari ya makala, mifupi, imepangwa safu safu, kila safu mistari 21. Binti yangu. Kila jioni alikuwa anakuja kuchora mmoja, na nikirudi anaanza kuhesabu saba. Ndiyo maana ya lile swali la "utaenda siku gani". Alikuwa anataka kujua ni mistari mingapi amepewa.

Muzee akaendelea kusema: Mama watoto huwa anakuja alasiri, anasimama pale, ananiuliza kama mke wangu wa Kasenga ananingoja au ameshaolewa. Mama yako ameacha mabakuli saba hapa, haya hapa, nimeyaosha. Na huyu mkubwa wako, Papa, haendi shuleni. Wiki ya pili sasa. Anatoka asubuhi amevaa bluu na nyeupe yake, anavuka njia, anakaa kwenye ile nyumba isiyokwisha mpaka saa saba, tunakula wote mahindi, halafu anarudi kama ametoka darasani.

Dada, nyumba yangu niliyodhani imekufa kwa kimya ilikuwa inaongea kila siku. Watu wote wa nyumba yangu walikuwa wanaongea, na mtu mmoja, getini, ambaye nilikuwa namlipa kwa mwezi pesa kidogo kuliko nilizokuwa nalipa riba kwa siku tatu.

Nikuambie ukweli kuhusu mimi wa usiku ule. Wazo la kwanza lilikuwa kumfukuza Muzee. La pili lilikuwa kumwamsha kijana nimpige. Nashukuru mvua ilinyesha sana nikabaki nimekaa pale mpaka mawazo yote mawili yakapita.

Asubuhi mke wangu aliponiona hakushtuka. Alikuwa ameshafunga begi. Alikuwa ameshawaita kwao, kikao ni Jumamosi, na kwa bahati nilikuwa nimefika mapema kusikia mashitaka yangu. Walikuja baba mkwe, mjomba wake, na kwa upande wangu yaya yangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa. Mama mkwe alikaa chumba cha pili, mlango wazi kidogo, kwa sababu kwetu mkwe wa kiume hakai uso kwa uso na mama mkwe. Wakaniuliza juu ya mwanamke. Nikakataa. Wakauliza tena kwa njia nyingine. Nikaapa. Mjomba akasema wote huwa wanaapa. Na kweli, mtu anayeficha kitu uso wake unaonyesha anaficha; hauonyeshi anaficha nini.

Baba mkwe hakusema neno muda wote. Ni mtu wa kambi ya mgodi, amezaliwa na kukulia kambini. Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ilianza kuweka wafanyakazi na familia zao kambini tangu miaka ya 1920 ikielekea mwisho, nyumba, hospitali, shule, na posho inayopimwa kwa idadi ya midomo. Baadaye ikawa Gécamines, kampuni ya serikali, na yeye akaingia kazini kama baba yake. Mwaka 2003 alikuwa mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioondoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Hayo niliyajua kama historia ya mzee. Sikujua yaliyofuata.

Akasimama, akaniambia tukatazame foraji. Tukafika nyuma ya tanki, pale pale nilipokuwa napokelea simu. Hakuniangalia. Akauliza: "Mukwe, deni iko ngapi?"

Nilinyamaza. Akasema yeye ile pesa ya kuondoka aliiweka yote kwenye lori kuukuu, na lori likafa njia ya Kasumbalesa. Miezi minane hakumwambia mke wake. Alikuwa anakwenda Kipushi kulipa mafundi, anarudi usiku ananuka mafuta. "Mama yako mukwe alifikiri niko na bibi Kipushi. Alinihesabia mpaka watoto." Halafu akasema maneno ambayo bado nayasikia. Kambini walikuwa wanasema kazi njo baba, kazi njo mama, yaani kazi ndiyo baba na ndiyo mama. Walikuwa wanasema kwa kujivunia. "Lakini mutoto," akasema, "kama kazi njo baba, siku kazi inakufa, wewe utakuwa nani ndani ya nyumba?"

Nikamtajia kiasi. Ilikuwa mara ya kwanza tarakimu ile kutoka mdomoni mwangu. Akanishika mkono kama mtoto, tukarudi ndani, akasema huyu ana jambo la kumwambia mke wake, sisi tutoke.

Utataka kujua mke wangu alifanya nini. Hakulia, hakunikumbatia. Aliomba karatasi. Akaandika 2,500, akaandika 750 mara miezi, akakaa anatazama. Kisha akaniambia: "Ungekuwa na mwanamke, ningejua la kufanya." Siku nne hakuongea nami, na safari hii kimya kilikuwa halali yake, nilikikubali. Siku ya tano akaniambia tuuze jenereta, na kwamba wenzake wa likelemba, upatu, sokoni wamekubali apokee zamu yake ya kwanza badala ya ya tisa. Alikuwa na njia tangu mwanzo. Deni lililonizeesha lilimalizika kwa miezi 14, na zaidi ya nusu ya akili iliyolimaliza ilikuwa yake. Nikikumbuka muda wote niliojidai namkinga mwanamke huyu!

Lakini lililoniumiza zaidi ya yote lilikuwa la kijana. Nilikwenda kumkuta kule kwenye nyumba isiyokwisha. Amekaa juu ya tofali, daftari limefunguliwa, anafanya hesabu peke yake. Miaka 15. Mwezi wa tisa ule wa 2019 shule za msingi za serikali zilikuwa zimeanza kuwa bure, na mimi kichwani nilikuwa nimejipumzisha kwamba mambo ya minervali, ada ya shule, yamepungua, nikamsahau aliye sekondari. Shuleni walikuwa wanawarudisha nyumbani ambao hawajalipa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akaangalia chini, akasema: "Nilikusikia ukiongea nyuma ya tanki."

Dirisha la chumba chake linatazama tanki. Alikuwa anajua deni kabla ya mama yake. Alijua mpaka kiasi. Na akaamua, mtoto huyu, kwamba asiniongezee mzigo. Akafanya vile vile kama mimi, akavaa nguo za kazi kila asubuhi na kwenda kukaa mahali pasipo kazi ili watu wa nyumbani walale kwa amani. Hakuna aliyemfundisha kwa mdomo.

Nililia pale. Naye akanitazama kwa woga, kwa sababu hajawahi kuniona.

Mambo hayakunyooka siku ile. Naona wengine hapa wanatoa shuhuda ambazo baada ya maombi ya wiki moja familia ni malaika watupu. Yetu haikuwa hivyo. Tulichofanya kilikuwa kidogo. Tuliweka benchi karibu na kibanda cha Muzee, ndani ya geti, na nikiwa nyumbani jioni tunakaa pale. Mbabula ndiyo ile ile. Mwanzo nilikuwa nakaa na Muzee tu. Binti akaja kwa sababu ya mistari yake. Mama yake akaja siku moja kuuliza kama makala yamebaki akakaa. Kijana alichelewa sana, karibu miezi miwili, na mpaka leo hasemi mengi, lakini anakuja na kiti chake. Bukari kwenye sahani moja mke wangu aliukataa, alisema hataki maigizo. Baadaye wakaanza wenyewe kula hivyo siku za samaki, kwa sababu samaki mmoja mkubwa hagawanyiki vizuri kwenye sahani nne. Siku nyingine kila mtu anakula kivyake, na sijali tena.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipokuja, migodi mingi ilituzuia ndani, hakuna kutoka, na sisi tulikaa zaidi ya miezi miwili bila kurudi. Shule zilifungwa. Kila jioni nilipiga simu, wanaiweka kwa sauti kubwa juu ya benchi, na tulikuwa tunaongea mambo ya hovyo: gunia la makala limefika bei gani, mbwa wa jirani amezaa, uyoga bado unauzwa au umekwisha. Sikumbuki kama tulizungumza jambo moja zito. Lakini binti aliniambia hachori tena, kwa sababu hesabu imeharibika.

Kwa mama yangu nilikwenda na mke wangu, tumebeba mabakuli saba. Mke wangu alipiga magoti akaomba radhi. Mama akayahesabu mabakuli kwanza, akasema moja lilikuwa na ufa na halikuwa lake. Alikaa muda mrefu bila kuja kwetu. Ijumaa alizirudia baada ya Pasaka, na hata sasa hashindi, anaacha sombe, anakunywa maji, anaondoka. Jeraha lile halikufunga vizuri na nadhani halitafunga. Ndiyo maana nakuambia kuhusu wifi yako kwa nguvu zote nilizo nazo: mrudie. Usingoje mpaka ndoa ipone kwanza. Huyo mtumishi hajui nyumba yako, anajua tu kwamba kila mwanamke wa Lubumbashi ana wifi. Nenda mwenyewe kwake, na usiende mikono mitupu.

Na majirani. Jirani wangu wa kushoto nilijua jina lake siku ya kilio, msiba wa mtoto wake. Miaka miwili tulikuwa tumegawana ukuta mmoja. Nililala kilio usiku ule nikiwa sijui nimwite nani, nasema tu "pole, papa". Usisubiri kilio. Fungua geti saa moja jioni, weka kiti njiani, watoto wa avenyu watakuja wenyewe, na nyuma ya watoto mama zao. Kama unaogopa, fungua wakati zamu ameshafika.

Kuhusu kurudi kwenu: mke wangu alikuwa ameshafunga begi, na sidhani alikosea. Lile begi ndilo lililoleta kikao. Lakini kabla hujafunga lako, jaribu kitu ambacho mke wangu hakupata nafasi ya kujaribu kwa sababu mimi nilikuwa nimefunga mlango. Mumeo akishuka kutoka Fungurume, mwache aoge, ale, alale usiku wa kwanza. Usiguse simu yake. Siku ya pili jioni toka naye nje, mkae. Usimuulize kuna nani. Muulize kuna deni, kuna barua ya kazi, kuna ugonjwa, kuna nini kinachomtoa nyuma ya nyumba usiku. Taja na lako, kwa sababu na wewe najua una unalolificha. Umeandika kwamba uliuza pagne zako mbili, vitenge, na hujamwambia. Anza na hilo. Atanyamaza mara ya kwanza, mimi ningenyamaza. Rudia mwezi unaofuata. Na ukimuuliza, muulize ukiwa umekaa karibu naye, bila mashahidi, watoto wakiwa macho na dirisha lao likiwa wazi, maana wao wameshasikia.